Mgeni Aliyepewa Jembe

Kila Desemba inapokaribia, washairi wengi wa nchi yetu hushika kalamu na kutunga mashairi ya Krismasi. Mengine husomwa redioni, mengine huchapishwa magazetini, na mengine huimbwa shuleni na makanisani. Tumeyasoma mengi kwa miaka mingi, na sisi wenyewe tumetunga kadhaa. Ni haki basi tuseme wazi jambo ambalo limetusumbua kwa muda mrefu. Mengi ya mashairi hayo, yetu yakiwamo, yana vina vilivyotimia na mizani isiyopungua, lakini ndani yake hamna Mungu anayekaa na watu. Mna Mungu anayepita.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi imani ya Wakristo kwamba Mungu alikuja kukaa miongoni mwa wanadamu ilivyoingia katika lugha na sanaa ya Afrika ya Mashariki. Hatukusudii kuhubiri. Dola yetu haina dini, ingawa wananchi wake wanazo dini zao, na kitabu cha insha za utamaduni si mimbari. Lakini imani inayoshikwa na mamilioni ya watu huacha alama zake katika lugha, katika ushairi, katika uchoraji na katika michezo ya kuigiza. Alama hizo ni mali ya taifa zima. Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa dini ya jadi, kila mmoja ana haki ya kuzitazama na kuzipima. Tunachopima hapa ni kazi za sanaa; hatupimi imani ya mtu.

Imani yenyewe yataka kuelezwa kwa uangalifu. Injili ya Yohana, katika sura yake ya kwanza, yafundisha kwamba Neno aliyekuwapo tangu mwanzo alitwaa mwili wa kibinadamu. Injili ya Mathayo huanza habari ya kuzaliwa kwa Yesu kwa kutaja jina Imanueli, yaani Mungu pamoja nasi, na humalizika kwa ahadi ya Yesu kwamba hatawaacha wafuasi wake. Kanisa lilijadiliana juu ya jambo hilo kwa karne kadhaa, hata katika Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, likakiri kuwa Yesu ni Mungu kweli na ni mtu kweli. Uislamu haukubali fundisho hilo. Waislamu humheshimu Nabii Isa mwana wa Mariamu, bali kwa mujibu wa tauhidi Mungu hana mwili wala hana mwana, na ukaribu wake kwa mja wake hauhitaji mwili. Tofauti hiyo ni ya kweli, wala haifai kufunikwa kwa maneno matamu. Tunaitaja mapema kwa sababu lugha iliyotumiwa kuieleza imani hii ya Kikristo kwetu ilikuwa imelelewa, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa Waislamu wa pwani.

Na tuanze na lugha hiyo. Kitenzi alichokitumia Yohana katika Kigiriki kina asili ya neno lenye maana ya hema. Maana yake ya ndani ni kwamba Neno alipiga hema lake kati ya watu, kama afanyavyo msafiri wa jangwani anapoungana na kambi ya wenziwe. Nyuma ya neno hilo lipo lile hema la Waisraeli linaloelezwa katika kitabu cha Kutoka, ambalo kwa Kiebrania huitwa mishkan. Msomaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo ataligutukia, kwa sababu analo nduguye nyumbani: maskani. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na maneno haya mawili yametoka katika mzizi mmoja wenye maana ya kutulia na kukaa mahali. Neno maskani lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, likazoea vinywa vya watu wa pwani, na hatimaye wafasiri wa Biblia wakalichukua kulitaja hema la Mungu. Ni kama mtoto aliyekulia ugenini akarudi kumtumikia mjomba wake.

Kazi hiyo ya kufasiri ilikuwa ndefu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikatoka mwaka 1891, baada ya kifo chake. Biblia ya Kimvita ilifuata mwaka 1914. Mwaka 1937 ilitoka Biblia ya Karl Roehl, aliyejitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu ili lugha ya Biblia iwe karibu zaidi na Kibantu cha watu wa bara. Mwaka 1952 ikatoka tafsiri ya Muungano, ambayo hata leo yasomwa katika makanisa mengi. Nia ya Roehl twaielewa: alitaka mtu wa bara asijione mgeni katika kitabu chake mwenyewe. Lakini mtu akichukua ufagio na kutoa nje kila neno lenye asili ya Kiarabu, atalitoa na maskani, na pamoja nalo atatoa ule udugu wa maneno ambao hakuna mfasiri angeweza kuubuni.

Katika kamusi za Kiarabu, chini ya mzizi huo huo, mna neno jingine tunalolijua sana: maskini. Wataalamu wa asili za maneno wana maelezo yao juu ya safari ya neno hilo, nasi hatutaki kujenga hoja ya nasaba juu yake. Lakini mshairi asikiaye kwa sikio lake hawezi kuyaacha maneno haya mawili, maskani na maskini, yaliyowekwa chini ya dari moja. Yule ambaye Wakristo husema alikuja kukaa na watu, wasema pia kwamba alizaliwa katika hali ya maskini.

Sasa tutazame kitenzi kukaa. Katika tafsiri ya Muungano, Neno anasemwa kuwa alikaa, na mahali alipokaa panatajwa kwa neno moja fupi: kwetu. Neno hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu akituuliza, "Kwenu wapi?" hatumtajii mji tunaofanyia kazi wala nyumba tunayolipia kodi. Twamtajia kijiji chenye makaburi ya babu zetu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hasikii tu kwamba Neno alikuwa katikati ya kundi la watu fulani. Anasikia kwamba alikuja kule ambako watu hujulikana kwa majina ya baba zao, ambako kuna mashamba, madeni, mashemeji na misiba. Na kukaa kwa Kiswahili si kufika, wala si kutembelea. Mwenye kukaa ni yule ambaye majirani wamezoea sauti ya kikohozi chake.

Hapa ndipo methali zetu zinapokuwa wahakiki hodari kuliko sisi. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaeleza vema nusu ya imani tunayoizungumza, na washairi wetu huipenda, kwa maana mgeni huyu wa Krismasi huja na neema. Lakini wahenga hao hao walisema tena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ya pili ndiyo iliyosahauliwa. Mgeni asiyeshika jembe hajakaa bado. Angali anakula kuku. Mashairi yetu mengi ya Krismasi humkaribisha Mungu siku ya kwanza, humsifu siku ya pili, na kabla jua la siku ya tatu halijatoka huwa yamekwisha.

Injili zenyewe, ukizisoma kwa makini, zilimpa jembe. Luka aeleza kwamba Yesu alikuwa na umri wa miaka 30 hivi alipoanza kazi yake ya kufundisha. Katika miaka hiyo 30, baada ya habari za uchanga wake, tumepewa kisa kimoja tu: alipokuwa na umri wa miaka 12, akabaki hekaluni Yerusalemu huku wazazi wake wakimtafuta. Miaka mingine yote ilipita Nazareti, kijiji cha Galilaya. Na aliporudi kijijini hapo akiwa mwalimu, majirani walishangaa, kwa maana wao walimjua kwa ufundi wa seremala. Tafakari, ndugu msomaji. Ikiwa imani hii yasema kweli juu ya jambo inalolisema, basi Mungu alitumia sehemu kubwa zaidi ya maisha yake ya duniani kupima mbao na kujibu salamu za majirani. Hilo ndilo jambo la ajabu, kuliko nyota na malaika. Na hilo ndilo ambalo ushairi wetu umelipita mbio.

Kwa nini umelipita? Sababu moja imo katika umbo la ushairi lenyewe. Wakristo wa Afrika ya Mashariki walipotaka kuimba habari za Injili kwa ufundi wa kienyeji, waliukuta utenzi umesimama tayari: vipande vinne kwa kila ubeti, mizani nane kwa kila kipande, vipande vitatu vyenye kina kimoja, na cha nne chenye kina cha bahari. Umbo hilo lilikuzwa na washairi Waislamu wa pwani kwa kusimulia vita vya dini, habari za Mtume na mawaidha. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogoni mwaka 1917, akatumikia serikali, na kufariki mwaka 1969, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu. Mwaka 1996 Mwalimu Julius Nyerere naye alitoa tenzi zake za Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume. Jambo hili si dogo. Mgogo mmoja na Mzanaki mmoja, wote watu wa bara, walichukua nyumba iliyojengwa na washairi wa Lamu na Pate, wakaingia kwa heshima, wasivunje ukuta hata mmoja, wakaweka humo habari za imani yao. Umbo la Kiislamu likawa maskani ya habari za Kikristo, na hakuna aliyepoteza chake. Mwalimu akitafuta mfano wa umoja wa utamaduni wetu, huu ni bora kuliko hotuba nyingi.

Lakini mhakiki hana budi kusema pia udhaifu wa umbo hilo katika kazi hii. Utenzi hupenda kwenda; haupendi kukaa. Ni farasi wa tukio baada ya tukio: jeshi lilitoka, likafika, likapigana. Miaka 30 isiyo na tukio haina pa kukamatwa katika mwendo huo. Tena mtunzi anayefuata Injili kwa uaminifu hurithi na kimya chake. Hatuwezi kuwalaumu watunzi wa tenzi za Biblia kwa kutosimulia kile ambacho Biblia haikukisimulia. Kimya hicho ni shamba la washairi wengine, wa mashairi mafupi na ya huru, nao hawajalilima.

Msomaji asidhani kwamba ushairi wetu hauna uwezo wa kukaa nyumbani. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alipokuwa mgonjwa. Humo mna Mungu na Mtume, na mna pia usafi wa nyumba, mavazi, na namna ya kuwatendea wazee na watumwa. Yako mambo katika mawaidha hayo ambayo leo hatuyakubali. Hata hivyo, kwa ustadi wa utunzi, twaona jinsi dini ilivyoweza kuingia chumbani na jikoni bila kuvua heshima yake. Uwezo huo tunao tangu zamani.

Ili tusionekane kuwahukumu wengine na kujiacha wenyewe, na tulete ubeti wetu tuliotunga tukiwa vijana, tukaufurahia sana wakati ule:

Umeshuka toka juu,
Mwenye enzi na makuu,
Theluji chini ya guu,
Nyota zakusujudia.

Mizani imetimia. Lakini theluji hiyo imetoka wapi? Hatukuwahi kuikanyaga, wala Bethlehemu haisifiki kwa theluji. Tuliiokota katika kadi za Krismasi zilizochorwa Ulaya. Kisha, kwa kutafuta kina, mtoto mchanga tumempa guu, yaani mguu mkubwa, badala ya kiguu chake. Hatukumwona mtoto hata kidogo. Tuliona kina. Miaka mingi baadaye tulijaribu tena:

Alikaa na Yusufu,
Mbao akizisanifu,
Mikono ina uchafu,
Na vumbi lamuingia.

Hatudai kwamba ubeti huu ni mkubwa. Lakini angalau umeanza na kitenzi kinachostahili, na ndani yake mna mkono wa mtu na kazi ya mtu. Mwanafunzi akiuweka mmoja kando ya mwenziwe ataona kwamba tofauti haikuletwa na vina. Imeletwa na mahali mtunzi aliposimama alipokuwa akitazama.

Katika jambo hili wachoraji waliwatangulia washairi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha tano kubwa za ukutani katika kanisa la Fort Hall nchini Kenya, mji ambao sasa waitwa Murang'a. Picha hizo zaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, uchungu wa Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi ya Wakikuyu. Tusisahau palikuwa mahali gani. Kanisa hilo lilikuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, vita vilivyogawa kijiji na kijiji, hata ndugu na ndugu, na ambavyo wapigania uhuru wake leo wanaheshimiwa na taifa la Kenya. Kumchora Yesu akisulubiwa katika vilima vile, miaka michache tu baada ya damu kumwagika humo, hakukuwa urembo. Kulikuwa ni kusema kwamba aliyekuja kukaa na watu hukaa nao hata katika ugomvi wao, mahali ambapo hakuna aliye na mikono mitupu. Kila mwenye kuitazama picha ile lazima ajiulize yeye alikuwa upande gani.

Na hapa tuonye. Kumvika Yesu mgolole, kumweka katika nyumba ya msonge na kumpigia ngoma si lazima kuwe kumkaribisha kukaa. Mgeni huvalishwa vizuri kuliko mwenyeji. Twaweza kubadilisha theluji kuwa minazi na bado tukabaki na kadi ya Krismasi, sasa yenye minazi. Wako pia watakaouliza: Je, si uongo kumfanya Myahudi wa Galilaya, aliyeishi chini ya utawala wa Kirumi, kuwa Mchaga au Mkikuyu? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba msanii hana ruhusa ya kuifuta Galilaya. Imani hii haisemi kwamba Mungu alikaa kila mahali kwa ujumla. Yasema alikaa mahali pamoja, penye jina, katika lugha yenye lafudhi, katika koo zenye ugomvi wao. Msanii anayelijua hilo huipenda Nazareti kwa sababu ilikuwa ndogo na halisi, kisha akajifunza kukitazama kijiji chake kwa macho yale yale. Asiyelijua hushona mavazi tu.

Tumalizie na jambo tulilolishuhudia katika shule moja ya sekondari, ambako tulialikwa kutazama mchezo wa Krismasi. Malaika walikuwa na mabawa ya karatasi na pamba ilitandazwa jukwaani kuwa theluji, kama kawaida. Kisha Yusufu na Mariamu wakabisha hodi kwa mwenye nyumba ya wageni. Mtu huyo hatajwi na Luka. Desturi ya michezo ndiyo iliyomwongeza. Kijana aliyeigiza nafasi hiyo alikaa nyuma ya meza, akafungua daftari kubwa, akalifunga, akasema bila kuinua uso: "Nafasi hakuna. Njoo kesho." Ukumbi mzima ulicheka. Sisi hatukucheka sana. Tumekaa nyuma ya meza za serikali kwa zaidi ya miaka 30, na maneno hayo tunayajua. Tumeyasema wenyewe kwa wazee waliotoka vijijini na nauli ya siku moja. Kijana yule hakuwa na elimu ya dini kuliko wenziwe. Lakini kwa neno moja la ofisini alikuwa ameitoa Bethlehemu katika pamba na kuileta kwetu, na kila mtumishi aliyekuwa ukumbini alijua anayebisha hodi ni nani.

Hicho ndicho kipimo tunachowaachia walimu na wanafunzi wanaposoma au kutunga kazi za namna hii, wawe wa dini yoyote. Msiulize kwanza kama vina vimetimia. Hilo lina wakati wake. Ulizeni kama mgeni huyu amefika siku ya tatu. Ulizeni kama ndani ya shairi kuna kazi anayoifanya, jirani anayemfahamu na mlango ambao sisi wenyewe tumewahi kuufunga. Sisi, tangu siku ya mchezo ule, tumejitahidi kuliacha lile neno "kesho". Hatujafaulu kila mara. Lakini kila mzee anapobisha hodi mlangoni petu asubuhi, humkumbuka kijana yule na daftari lake, tukainua uso.